Desturi za ukarimu katika meli za kitalii: zipi ni za bahari na zipi ni za biashara?

Msomaji wetu mmoja anajiandaa kupanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza pamoja na mumewe. Safari yao ni ya wiki mbili, itavuka ikweta, na siku ya kumbukumbu ya ndoa yao itawakuta baharini. Anauliza: "Vijitabu vya kampuni vimejaa karamu ya nahodha, taulo zilizokunjwa kama wanyama, chokoleti juu ya mto na sherehe ya mfalme wa bahari. Je, hizi ni desturi za kweli za mabaharia au ni mapambo ya kibiashara tu? Zipi zinafaa kutafutwa, na sisi wageni tufanye nini ili tusiaibike wala tusionekane wachoyo kwa wanaotuhudumia?"

Ndugu msomaji, nyingi kati ya desturi hizo ni za kweli kwa asili yake, ingawa si zote zilizobaki na uhai wake. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: natazama kama jambo lenyewe linamhitaji mtu anayekufahamu, au linahitaji kamera tu. Meli ina hali ambayo hoteli ya nchi kavu haina. Watu wale wale wachache wanakuhudumia kila siku, wewe huwezi kutoka ukale kwingine, nao hawawezi kurudi kwao jioni. Ukarimu wa baharini umekulia katika hali hiyo, na ukichunguza utaona kwamba karibu kila desturi iliyodumu ilizaliwa na sababu ya kikazi.

Tuanze na mpangilio wa siku, kwa sababu humo ndimo desturi za zamani zaidi zilimojificha. Kabla ya katikati ya karne ya 19 watu walipanda meli kwa kuwa walikuwa na mahali pa kufika, na aliyefika akiwa mzima alishukuru. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ya Uingereza ilianza kutangaza safari za matembezi katika Mediterania, hata ikampa mwandishi mmoja mashuhuri wa wakati huo nafasi bila malipo ili aiandike safari hiyo (wanaodhani kwamba kuwapa watu wenye majina safari za bure ni uvumbuzi wa zama za intaneti wamechelewa sana). Lakini aliyeigeuza shughuli hiyo kuwa biashara kubwa ni Albert Ballin, aliyeongoza masuala ya abiria katika kampuni ya HAPAG ya Hamburg. Majira ya baridi yalipofika, abiria wa Atlantiki ya Kaskazini walipungua na meli zake kubwa zikakaa bandarini zikila gharama bila kuingiza kitu. Januari 1891 akaituma meli ya Augusta Victoria izunguke Mediterania ikiwa na abiria wa matembezi tupu. Hapo likazuka tatizo jipya: abiria asiye na haraka ya kufika anahitaji kitu cha kungojea katika siku ambayo hakuna bandari wala nchi kavu inayoonekana.

Ndiyo maana siku ya baharini ikagawanywa kwa vituo vya ukarimu. Saa tano asubuhi wahudumu walipita sitahani na vikombe vya supu nyepesi ya nyama, wakiwapa abiria waliolala kwenye viti virefu vya mbao huku wamejifunika blanketi. Supu hiyo ilikuwa kinga dhidi ya upepo wa Atlantiki, na pia ilikuwa chakula ambacho tumbo lililochafuliwa na mawimbi lingeweza kukipokea. Saa sita mchana sauti ya nahodha au ya afisa wa zamu ilisikika ikitaja mahali meli ilipo, hali ya hewa na umbali uliokwisha kusafiriwa. Abiria walikuwa wakiwekeana dau juu ya maili ambazo meli ingekuwa imekwenda katika saa 24 zilizopita, na tangazo hilo ndilo lililoamua mshindi. Tangazo la saa sita lipo hadi leo katika meli nyingi, na nakushauri usilipuuze. Linachukua dakika chache tu, lakini ndilo linalomkumbusha mtu kwamba yumo ndani ya chombo kinachosafiri, jambo ambalo meli za siku hizi, zenye maduka na kumbi za michezo, zinaweza kabisa kumsahaulisha.

Kampuni chache zimezitunza desturi hizi kwa makusudi. Katika meli za Cunard, saa tisa na nusu alasiri wahudumu waliovaa glavu nyeupe huingia ukumbini wakiwa wameshika mabirika ya chai, muziki ukipigwa taratibu, na abiria wanaoijua desturi hiyo huwahi viti mapema. Holland America, ambayo asili yake ni Rotterdam, huwagawia abiria supu nzito ya njegere ya Kiholanzi kwenye sitaha ya mbele wakati meli inapopita taratibu mbele ya milima ya barafu ya Glacier Bay, Alaska. Mfano huo wa pili naupenda zaidi. Abiria amesimama kwenye baridi kali, hataki kurudi ndani kwa kuwa mandhari inabadilika kila dakika, na mara kikombe cha moto kinamfikia pale alipo. Hakuna aliyekiagiza wala anayetozwa, na aliyekipanga ameelewa mgeni anahisi nini saa hiyo hiyo.

Sasa niingie kabini, ambako utapata ukarimu mwingi zaidi kuliko ukumbi wowote. Mhudumu wa kabini hutunza vyumba vingi, mara nyingi zaidi ya kumi, na kazi yake hufuata nyendo zenu: anaingia mnapokwenda kupata kifungua kinywa, na katika meli zinazotoa huduma ya jioni anarudi mnapokuwa kwenye chakula cha usiku. Katika zamu hiyo ya pili ndipo anapokunja kona ya shuka, kufunga mapazia, kuweka chokoleti juu ya mto na kuacha gazeti dogo la ratiba ya kesho. Wanyama wa taulo, yaani tembo, nyani anayening'inia kwenye kiango cha nguo, au bata mwenye miwani yako ya jua, walienezwa zaidi na kampuni ya Carnival, na sasa wapo karibu kila mahali. Watoto huwafurahia mno. Kwa mtu mzima ni kichekesho kizuri, lakini nisingeipima huduma kwa tembo wa taulo, kwa sababu kumkunja ni ustadi unaofundishwa kwa wote na kila chumba kwenye ujia huo kitampata. Tazama mambo mengine. Ikiwa siku ya pili mliomba barafu, na kuanzia siku ya tatu mkaikuta bila kuomba. Ikiwa mmoja wenu hulala upande wa mlango na miwani yake ikaanza kuwekwa upande huo. Ikiwa mhudumu ameona mmelowa mvua bandarini akaongeza taulo kavu kabla hamjafika chumbani, basi mmempata mtu anayeijua kazi yake.

Nikutahadharishe kwamba baadhi ya kampuni kubwa zimepunguza huduma ya kabini kuwa mara moja kwa siku, na zingine humtaka abiria achague asubuhi au jioni. Ulizeni siku ya kwanza. Mkipewa nafasi ya kuchagua, kwa safari yenye siku nyingi za baharini ningechagua asubuhi, ila jioni kabla ya karamu ya mavazi rasmi chumba nadhifu kina raha yake.

Zipo pia alama ndogo ambazo hakuna atakayekueleza. Katika baadhi ya meli, zulia la ndani ya lifti hubadilishwa kila usiku ili liandikwe jina la siku, maana baada ya siku kadhaa za bahari tupu Jumanne na Alhamisi hufanana kabisa. Meli nyingi hazina sitaha ya 13, na za kampuni ya MSC, yenye mizizi ya Italia, huruka sitaha ya 17, kwa kuwa Waitalia huiona namba hiyo kuwa ya nuksi. Queen Mary 2, meli ya Cunard iliyopewa jina lake na Malkia Elizabeth wa Pili Januari 2004, ina honi moja iliyotolewa katika Queen Mary ya zamani, na kwenye sehemu ya kufugia mbwa wanaosafiri pamewekwa nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la New York ili kila mbwa ajisikie yuko mtaani kwao. Anayekwambia kwamba huo ni upuuzi hajawahi kusafiri na mbwa kwa wiki nzima.

Kuhusu karamu ya nahodha, hapa ndipo kamera imechukua nafasi kubwa kuliko ukarimu, na sitakuficha. Desturi yenyewe ni ya maana: katika jioni za mwanzo wa safari, mkuu wa chombo anajitokeza mbele ya watu waliomkabidhi maisha yao, anawatambulisha maafisa wake wakuu, kisha wote wananyanyua glasi. Zamani alisimama mlangoni akamshika mkono kila abiria. Nahodha wengi wameacha kufanya hivyo kwa sababu za kiafya, kwani mtu mmoja anayesalimiana na mamia ya watu kwa saa moja ni njia rahisi ya kueneza virusi vya tumbo. Kwa hiyo usidhani amekudharau akiinamisha kichwa tu. Kinachobaki mara nyingi ni foleni ya kupiga picha, na picha hizo huuzwa. Huna wajibu wa kupigwa picha wala kuinunua. Sema tu "ahsante, hapana" na upite, mpigapicha amezoea.

Meza ya nahodha ni jambo tofauti. Mwaliko huja kwa kadi inayoachwa kabini au kwa simu kutoka mapokezi, na walioalikwa mara nyingi ni abiria waliosafiri na kampuni mara nyingi, waliokodi vyumba vikubwa, au wenye tukio maalumu kama lenu. Mkipata mwaliko, jibuni siku hiyo hiyo, iwe ndiyo au hapana, kwa sababu viti ni vichache na kuna anayesubiri. Vaeni kulingana na agizo la jioni hiyo, fikeni dakika chache kabla, msianze kula kabla ya mwenyeji. Mvinyo wa mezani kwa kawaida hugharamiwa na mwenyeji. Na iwapo nahodha hatatokea, msisikitike: ukungu, njia nyembamba ya maji au kupanda kwa rubani wa bandari humlazimu kubaki kwenye chumba cha uongozaji, na mimi ningemwogopa zaidi nahodha anayekula pudingi wakati wa ukungu. Afisa mwingine atakaa mahali pake, na mhandisi mkuu, akipatikana, huwa na mazungumzo yenye ladha kuliko wote.

Mavazi yamekuwa suala la kampuni na kampuni. Cunard bado inashikilia jioni za mavazi rasmi, ambazo wanaume huvaa suti nyeusi na tai ndogo ya kipepeo, na aliyevaa kawaida huelekezwa kwenye kumbi chache zilizotengwa. Kampuni ya Norwegian ilianza mwaka 2000 kuondoa nyakati maalumu za kula na sharti la mavazi rasmi, na kampuni nyingi zimeifuata kwa kiwango kimoja au kingine. Someni masharti ya kampuni yenu kabla ya kufunga mizigo. Nguo rasmi ya kwenu, inayovaliwa harusini au katika hafla za heshima, inakubalika jioni hizo na mara nyingi huheshimiwa zaidi ya suti ya kukodi.

Mezani ndiko uhusiano wa mgeni na mhudumu unakokua haraka zaidi, ikiwa mtachagua mpango wa zamani: saa maalumu ya kula, meza moja, wahudumu wale wale hadi mwisho wa safari. Mpango wa kula saa yoyote una uhuru wake, lakini unapoteza jambo hili. Kwa safari ya wiki mbili nakushauri bila kusita mchague meza ya kudumu. Usiku wa tatu mhudumu atakuwa anajua kwamba mmoja wenu hali samakigamba kama kamba na kaa, kwamba mwingine hunywa chai badala ya kahawa, na kwamba hampendi kuharakishwa. Kwa mwenye mzio au mwiko wa chakula kuna desturi nzuri ambayo wengi hawaifahamu: msimamizi wa ukumbi huleta orodha ya vyakula vya kesho usiku wa leo, mkachagua mapema, na jiko likaandaa sahani yenu peke yake. Mwambieni siku ya kwanza, hata kama mliandika kwenye fomu wakati wa kukata tiketi.

Baadhi ya mbwembwe za mezani zimekufa au zinakufa. Gwaride la wahudumu wanaoingia taa zimezimwa, wamebeba aiskrimu iliyofunikwa kwa povu la mayai na kuwashwa moto, huku abiria wakipunga leso, lilikuwa kilele cha usiku wa mwisho. Hofu ya moto imeuondoa ule mwali, na meli nyingi zimeliacha gwaride lenyewe. Bafe la usiku wa manane, lenye sanamu za barafu na matunda yaliyochongwa, limepotea karibu kila mahali, kwa kuwa lilipoteza chakula kingi na kuwakesha wapishi kwa ajili ya watu waliokwisha kushiba. Sikulilia. Hata utepe wa rangi uliorushwa kutoka sitahani hadi gatini meli inapong'oa nanga umeondoka: kanuni za kimataifa za kuzuia uchafuzi wa bahari, zilizoanza kutumika mwishoni mwa 1988, zilipiga marufuku kutupa plastiki baharini, na meli nyingi zikaona ni salama kutotupa chochote.

Desturi ya kunawa mikono mlangoni mwa ukumbi wa chakula, ambako mfanyakazi mchangamfu hukuimbia huku akikuelekeza kwenye bomba, inaonekana kama mzaha, lakini iheshimuni kuliko zote. Virusi vya noro, vile vya tumbo nilivyovitaja, huenea upesi katika watu wanaokula pamoja, na dawa ya kupaka yenye kilevi haivimalizi kama maji na sabuni. Marekani imekuwa na mpango wa kukagua usafi wa meli za abiria tangu miaka ya 1970 chini ya CDC, taasisi yake ya kudhibiti magonjwa, na meli inayopata alama 85 au chini ya hapo kati ya 100 huhesabiwa kuwa imeshindwa. Ukiona siku za kwanza wahudumu ndio wanaopakua chakula cha bafe badala yako, usione kwamba unanyimwa.

Nifike kwenye ikweta, ambayo naamini ndiyo itakayobaki katika kumbukumbu zenu. Sherehe ya kuvuka mstari huo ni ya mabaharia wenyewe, imekuwapo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuuziwa tiketi ya anasa. Waliovuka zamani waliwapokea wageni wa mstari kwa mahakama ya mzaha iliyoongozwa na Neptune, mfalme wa bahari, akiwa na mkewe, kinyozi wake na askari wake, na adhabu zilikuwa za kweli. Charles Darwin, alipovuka akiwa ndani ya HMS Beagle Februari 1832, alifungwa kitambaa machoni, akapakwa lami na rangi usoni, akanyolewa kwa kipande cha chuma cha pipa, kisha akatumbukizwa majini, na kwa maelezo yake mwenyewe wengine walitendewa vibaya kuliko yeye. Mantiki yake ilikuwa ya chombo chenye watu wanaotegemeana: mgeni na afisa kijana walishushwa siku moja mbele ya mabaharia wa chini, na waliotoka hapo walihesabiwa kuwa wenyeji.

Leo sherehe hufanyika kando ya bwawa la kuogelea. Neptune huwa ni afisa au mkuu wa burudani mwenye ndevu za bandia na mkuki wa ncha tatu, hati ya mashtaka husomwa kwa maneno ya kejeli, wanaojitolea hupakwa krimu na mabaki ya jikoni, hubusu samaki mzima, kisha huingia bwawani. Katika meli nyingi maafisa wapya nao hupitia adhabu hiyo mbele ya abiria, na hapo ndipo asili yake inapoonekana, kwa sababu mpishi msaidizi anapata nafasi ya kummwagia bosi wake uji. Wanaoshiriki hujiandikisha mapema, hivyo hakuna atakayewaburuta. Mkijitolea, vaeni nguo ya kuogelea msiyoijali, acheni saa na vipuli kabini, na mwambieni msimamizi kama mna tatizo la ngozi au la macho. Msipojitolea, simameni upande ambao upepo unatoka. Kila abiria hupewa cheti chenye jina lake. Kitunzeni, kwa kuwa katika safari nyingine mtu anaweza kuwauliza kwa utani uthibitisho kwamba mmekwisha kuvuka. Ulizeni pia meli itavuka saa ngapi hasa, maana mara nyingi huwa ni usiku na sherehe hufanywa mchana unaofuata, na chaneli ya runinga ya kabini inayoonyesha mahali meli ilipo hukuwezesha kuitazama latitudo ikishuka hadi sifuri.

Desturi za aina hii zina ndugu zake kwingine. Meli za Hurtigruten katika pwani ya Norwei humkaribisha abiria anayevuka Duara la Aktiki kwa kumtia barafu mgongoni, ndani ya shati, na wakati wa kurudi kusini humlisha kijiko cha mafuta ya ini la samaki, kijiko hicho akakichukua. Nazitaja ili uone kwamba ukarimu wa baharini una upande wa utani mkali kidogo, na kwamba utani huo ni namna ya kumpokea mgeni.

Usiku mmoja katika safari yenu huenda ukawa wa onyesho la wafanyakazi. Katika meli za Holland America, kwa mfano, ambako wahudumu wengi hutoka Indonesia na Ufilipino, watu mliozoea kuwaona wakibeba sahani hupanda jukwaani kwa ngoma na mavazi ya kwao. Mara nyingi onyesho huwa usiku sana, kwa kuwa wachezaji wanatoka kazini. Nendeni. Wanafanya mazoezi katika muda wao wa kupumzika, na ukumbi ukiwa mtupu wanajua.

Kumbukumbu ya ndoa yenu inahitaji maandalizi kidogo. Iandikeni kwenye taarifa za tiketi angalau wiki tatu kabla, kisha mkumbusheni msimamizi wa ukumbi wa chakula siku ya kwanza, kwa kuwa taarifa za ofisini hupotea njiani. Kwa kawaida keki ndogo, kadi na wimbo wa wahudumu havitozwi. Maua, mapambo ya kabini na shampeni huuzwa kama kifurushi, na hapo soma bei kwanza. Kama hampendi kuimbiwa mbele ya ukumbi mzima, semeni wazi, mtaeleweka. Wengine huomba nahodha aongoze kuirudia ahadi ya ndoa. Hiyo ni hafla ya heshima isiyo na uzito wa kisheria, kwa hiyo haijali meli imesajiliwa nchi gani, tofauti na ndoa mpya, ambayo hufuata sheria za nchi hiyo: Cunard ilihamisha usajili wa meli zake kwenda Bermuda mwaka 2011, na tangu hapo ndipo manahodha wake walipoweza kufungisha ndoa halali baharini.

Umeuliza kuhusu uchoyo, nami nijibu moja kwa moja. Kampuni nyingi huongeza bakshishi ya kila siku kwenye akaunti ya abiria, ikagawanywa kwa wahudumu wa kabini, wa mezani na wengine msiowaona, kama wafuaji nguo na waosha vyombo. Nyingine, hasa za daraja la juu, zimeijumuisha katika nauli. Angalieni mkataba wenu ili msilipe mara mbili, na mjue kwamba bili ya vinywaji kwa kawaida tayari ina asilimia ya huduma. Mnaruhusiwa mara nyingi kwenda mapokezi kuipunguza bakshishi hiyo, lakini msifanye hivyo kwa sababu ya kero ya bandarini au ya hali ya hewa, kwani anayeumia ni mtu aliyekunja shuka zenu. Zaidi ya hiyo, bahasha ya mkononi kwa mhudumu wa kabini na wa mezani usiku wa kuamkia mwisho ni desturi ya hiari inayothaminiwa. Watu hawa hufanya mikataba ya miezi kadhaa mfululizo bila siku nzima ya mapumziko iliyo ya kawaida. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unawahakikishia angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24 na saa 77 katika siku saba, na ukipiga hesabu utaona zinazobaki ni nyingi kiasi gani.

Heshima nyingine haigharimu chochote. Hudhurieni zoezi la usalama la siku ya kwanza bila kunung'unika. Tangu ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012 sheria za kimataifa zimekazwa, na zoezi lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Wanaowaelekeza kwenye vituo ni wahudumu wale wale watakaowaletea chakula saa chache baadaye. Jifunzeni majina yao, yameandikwa kifuani pamoja na nchi wanakotoka. Chumba kikiwa na kasoro, mwambieni mhudumu wenu kwanza kabla ya kwenda mapokezi, maana malalamiko yaliyofikishwa kwa wakubwa huhesabiwa dhidi yake hata kama kosa ni la bomba.

Na kinyume chake ni kweli. Siku mbili kabla ya mwisho, tafuteni fomu ya maoni, ya karatasi au ya kwenye simu, mwandike jina la mhudumu, mahali anapofanya kazi na jambo mahususi alilolitenda: kwamba aliwaletea taulo kavu siku ya mvua, kwamba alikumbuka mzio wa samakigamba. Sentensi ya jumla kama "huduma ilikuwa nzuri" haimfikii mtu yeyote. Yenye jina husomwa na wakuu wa idara, huwekwa kwenye faili lake, na hutazamwa wakati wa kupandisha vyeo na kuamua nani aitwe tena kwa mkataba unaofuata. Fanyeni hivyo kabla ya usiku wa mwisho, kwa sababu usiku huo mizigo inatakiwa iwe nje ya mlango mapema, na fomu ndiyo huwa ya kwanza kusahauliwa.